Kiti cha Kushoto

Jumamosi moja asubuhi dada yangu alikuwa anapiga pasi, na mumewe kakaa mezani mbele ya chai iliyokwisha kupoa. Kazi mbili zilikuwa zimemwita kwa mpigo. Shemeji yangu huyu alikuwa rubani msaidizi, mtu wa kukata shauri upesi hata kwa mambo yasiyomhusu, lakini siku ile alikwama.

Kampuni kubwa ilimwekea mshahara mnono, ila kupanda cheo huko ni kwa zamu. Mpaka walio mbele yako wastaafu, wewe unabaki kiti cha kulia, cha msaidizi. Kampuni ndogo mshahara wake ulikuwa wa kubangaiza, lakini walimwahidi kiti cha kushoto, kiti cha kepteni, kabla mtoto aliye tumboni mwa dada hajaanza kutambaa.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema.

"Na haraka haraka haina baraka," dada akamjibu, macho kwenye shati. "Mwenye nyumba hapokei vyeo, mume wangu. Halafu umewauliza makepteni wao wanakwenda wapi, mpaka viti viwe wazi namna hiyo?"

Hakuwauliza. Sikio la kufa halisikii dawa. Jumatatu akaenda kuripoti kampuni ndogo.

Akapangiwa kuruka na kepteni mmoja mwanamke waliyemwita Chuma. Maneno machache, kazi safi, ila macho mekundu ya mtu asiyelala. Alikuwa mkali kwa jambo moja. Marubani wawili hawashiki usukani kwa pamoja: anayeuachia husema, "Nakukabidhi," na anayeushika hujibu, "Nimepokea." Bila jibu hilo, wa kwanza haachii. Waliambiana maneno hayo kila safari, mpaka ulimi wa shemeji ukawa unajibu wenyewe, kama mtu anavyosema karibu kabla hajajua nani yuko mlangoni.

Mchana mmoja wa jua kali wakatua salama. Abiria wakashuka, injini zikazimwa. Shemeji alikuwa anavua hedifoni pale Chuma alipomgeukia na kumnong'oneza, "Nakukabidhi."

"Nimepokea," ulimi ukajibu.

Ndipo akashangaa. Ndege imesimama, imezimwa, sasa anakabidhiwa nini? Chuma alishusha pumzi ndefu, machozi yakamtoka. Akanyakua begi lake, akateremka ngazi nusu mbio. Hakuonekana tena kazini, na haukupita muda shemeji akapandishwa cheo, akakalia kiti kile kile cha Chuma. Nyumbani furaha ilikuwa si ya kawaida. Mama mkwe wa dada alipigia simu ukoo mzima, hata wale waliokuwa hawasemezani.

Sasa, kila rubani hurekebisha kiti kulingana na miguu yake, na shemeji ni mfupi. Kila alipopanda alikikuta kiti kimesukumwa nyuma, kama kwa mtu mrefu. Akawasema mafundi, mafundi wakaapa hawajakigusa. Siku moja akakivuta mbele, akaenda chooni, akarudi akakikuta nyuma. Akajitia hamnazo. Lakini aliogopa, na kuanzia hapo usingizi ukamkimbia.

Kisha, siku moja angani, mbingu nyeupe, jua limejaa kioo kizima, akahisi nyayo za mtu chini ya nyayo zake. Zilikuwa za moto. Akakunja miguu. Pedali alizokuwa akizikanyaga zikaendelea kusogea. Polepole. Kwa ustadi. Msaidizi wake mpya alikuwa anatazama mawingu. Shemeji akasikiliza kwenye hedifoni. Pumzi yake. Pumzi ya msaidizi. Na nyingine.

Alipotua akampigia Chuma simu.

"Dada, umenipa nini?"

Sauti ndogo ikasema, "Nisamehe, mdogo wangu. Na mimi nilipewa hivyo hivyo. Ukitaka kutoka, mkabidhi msaidizi wako. Lazima apokee kwa mdomo wake mwenyewe."

"Na nisipomkabidhi?"

"Kuna mmoja aliwahi kukataa."

"Yuko wapi?"

"Unamkalia."

Jioni ile alimsimulia dada kila kitu. Dada hakumcheka. Alimwambia, "Mpe. Mpe urudi nyumbani."

"Ana mke na yeye."

"Na mimi je?" dada akauliza.

Kesho yake wakaruka, wakatua. Abiria wakashuka. Injini kimya. Shemeji akashika mkanda afungue. Haukufunguka. Akavuta. Ukazidi kubana. Kitu kikamkumbatia kiuno kwa nyuma.

Msaidizi alikuwa anakusanya vitu vyake, akamwona anahangaika na mkanda, asielewe. "Kaka, kweli huku cheo ni chapuchapu," akasema. "Wala sijutii kuukataa mshahara wa kampuni kubwa."

"Naku..." shemeji akaanza.

Kijana akageuka, mdomo umeshafunguka kuitikia.

Shemeji akafumba wake. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. "Shuka," akanong'ona. "Nenda kwenye mshahara. Kasubiri zamu yako kama wenzako. Na usinijibu neno. Shuka tu."

Haya aliyasimulia yule kijana mwenyewe, na kila akifika hapa hulia. Alishuka akasimama chini ya ngazi. Mlango wa ndege ile ni mmoja, ngazi moja. Akasubiri. Kepteni hakutoka. Akawaita mafundi, wakapanda pamoja, na kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Mikanda ilikuwa imefungwa yote, ya kiuno na ya mabega. Haikulala kitini. Ilikuwa imesimama hewani, imetuna, imezunguka kitu kisichoonekana.

Dada yangu alikwenda mwenyewe, tumbo mbele. Walijaribu kumzuia wakashindwa. Aliingiza kiganja katikati ya ile mikanda, akakuta pana joto. Akamwita mumewe kwa jina wanaloitana wawili tu. Mikanda ikapanda kidogo, ikashuka.

Fundi akatoa kisu aikate. Dada akamshika mkono.

"Iache," akamwambia kwa sauti ya chini. "Bado anapumua."