Umeona Nini, Mwantumu?

Kila asubuhi katika msimu wa mtama, Mwantumu alipanda dunguni, kijukwaa cha kulindia ndege, na kombeo lake na kikapu cha vijiwe. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na shabaha yake ilijulikana kijiji kizima cha Lionja. Ndege wakisikia sauti yake walihamia shamba la jirani. Mama yake, Biasha, hakuchoka kumwagiza: "Macho shambani, mwanangu. Na njia ile itazame, nijue nani kapita."

Njia ile ilipita kando ya shamba na kuingia msituni, ambako matrekta yalikuwa yakifyeka ili karanga zipandwe. Baba yake, Shaibu, alifanya kazi huko.

Msimamizi wa matrekta alikuwa Mwingereza mzee ambaye jina lake liliwashinda watu kulitamka, wakamwita Bwana Manowari. Lilimfaa. Alipelekwa chuo cha mabaharia akiwa na miaka kumi na mitatu, na alisimulia bila aibu kwamba mwanzoni alilia kila siku akitaka kurudi kwao. Baadaye alipanda cheo baada ya cheo, akapigana vita vikuu vyote viwili, mwisho akawa kapteni wa manowari yenye mabaharia mamia. Kiswahili alikipata Mombasa.

Sasa alikuwa amestaafu jeshi na kuletwa Nachingwea, ambako bahari ni ya kusikia tu. Hata hivyo, mazoea yana taabu. Mbele ya hema lake alitundika kengele ya meli, ikagongwa kila madereva walipopokezana zamu. Kila aliyemaliza zamu aliulizwa, "Umeona nini?" Ole wake aliyejibu "Hakuna kitu" na kumbe hakutazama!

Siku moja Mwantumu alisikia kishindo cha miti ikianguka. Matrekta mawili yalikuwa yakivuta mnyororo mmoja mnene, na kila mti uliokutana nao ulilala chini. Watoto wote walikuwa wakienda kutazama.

"Nitachungulia mara moja tu," alijiambia, akashuka dunguni.

Utamu wa kutazama ukamsahaulisha. Aliporudi, jua lilikuwa limeinama na ndege walikuwa wamekula mtama kiasi chao. Alishukuru kwamba hakuna aliyemwona. Mara mama yake akatokea akihema.

"Yunusi yuko wapi? Adhuhuri nilimtuma akuletee mihogo!"

Yunusi alikuwa mdogo wake wa miaka mitano. Mwantumu alipiga hesabu haraka. Akisema hajui, ataulizwa alikuwa wapi.

"Hajafika hapa, mama. Hata njiani hajapita. Nimekaa hapa tangu asubuhi."

"Basi ameishia kule mtoni, kabla ya kufika shambani!" Biasha alipiga ukunga.

Majirani wote wakakimbilia mtoni. Wanaume walipapasa vidimbwi kwa fito. Biasha aliingia majini mpaka magotini, akiita mpaka sauti ikamkauka. Mwantumu alisimama ukingoni, ameshikwa na hofu.

Shaibu alipopata habari alifika na Bwana Manowari, ndani ya gari lililoendeshwa na dereva wake, Felisian.

"Nani alikuwa na zamu ya kuitazama njia?" aliuliza mzee. Watu wakamwonyesha Mwantumu.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba, binti." Alichuchumaa mbele yake. "Wakati wa vita, baharia wangu mmoja aliangukia baharini. Nikamuuliza kijana wa zamu, umeona nini? Akajibu kwamba upande wake hakuanguka mtu. Tukatafuta upande mwingine. Kumbe alikuwa amesinzia! Baadaye akaja mwenyewe, akaniambia. Nikageuza meli, tukamkuta yule mtu ameshika ubao, mzima. Kijana nilimwadhibu, sikufichi. Lakini mpaka leo namshukuru." Akamtazama machoni. "Sasa, binti. Umeona nini?"

Mwantumu alitazama sketi ya mama yake iliyolowa maji.

"Sikuona kitu, Bwana. Nilikwenda kutazama matrekta. Yunusi huenda alipita, mimi sijui."

Shaibu alipiga kelele: "Msituni! Matrekta bado yanafyeka!"

Gari liliondoka kwa kasi, watu wakilifuata mbio. Bwana Manowari alipofika aliivamia kengele, akaigonga mfululizo. Injini zikazimwa moja baada ya nyingine. Katika ukimya ule Shaibu aliita, "Yunusiii!"

"Niko hapa!"

Alikuwa nyuma ya kichuguu, kwenye miti ambayo mnyororo ulikuwa bado haujaifikia. Mwiba ulikuwa umemchoma mguuni, naye alikuwa amekumbatia kifurushi cha mihogo. Biasha alimnyakua, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Ulipotea, mwanangu!"

"Sikupotea mimi," alinung'unika Yunusi. "Dada ndiye aliyepotea. Nilifika dunguni hayupo, nikaja kumtafuta."

Watu waliangua kicheko, maana roho zao zilikuwa zimerudi mahali pake. Felisian alicheka mpaka akakaa chini. Mwantumu peke yake alilia.

Biasha alimvuta kando. "Kutoka dunguni ni kosa, na wiki hii mtama wote utautwanga wewe. Lakini mtama ukiliwa, tutapanda mwingine. Uongo wako ulitufanya tumtafute mtoto mahali asipokuwepo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini leo ilitaka kumalizikia kwa mdogo wako."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Umesema wakati kusema bado kunafaa." Akamkumbatia.

Kesho yake jioni, Biasha alifika shambani na kusimama chini ya dungu.

"Umeona nini, Mwantumu?"

"Nimeona ngedere wawili, nikawafukuza. Babu Isihaka amepita na baiskeli yake." Akasita. "Halafu nilisinzia kidogo, mama. Hapo sijui nani kapita."

Biasha alicheka, akampa mkono ashuke. "Ukiniambia hukuona, mwanangu, nitakwenda kutazama mwenyewe. Na kwa kuwa hufichi usipoona, ukiniambia umeona, nitakuamini. Haya, twende, mtama unakungoja kinuni."