Nyumba Iliyohama Siku ya Kura

Haya ni kweli tupu, na nikiwa nimeongeza hata chumvi ya kuchovyea embe, nioshe vikombe vya kahawa vya baraza letu mpaka Ijumaa. Nilikuwepo. Tangu saa moja asubuhi nilimshikia Bi Sikudhani mwavuli, sikumwacha hata hatua.

Asubuhi hiyo mto ulipanda, na nyumba yake ikainuka. Siku hizi nyumba za bondeni ni nyumba tembezi: zina miguu minane ya chuma, na maji yakigusa kizingiti zinajiendea zenyewe mlimani na masufuria yake. Hii ilitembea hatua arobaini, ikatua.

"Leo imetua vizuri, Mzee Ngwali," akaniambia. "Haijamwaga hata chai."

Bi Sikudhani ni mkunga. Kura ya siku ile ilikuwa yake hasa: kata yetu ya Bondeni ilikuwa inaamua kama wodi ya wazazi ibaki, au ifungwe na wajawazito wapelekwe mjini, mwendo wa saa tatu.

Zamani mtambo mmoja ulifanya kazi zote za uchaguzi, na kila mara alishinda aliyeushika. Watu wakachoka, wakazigawa kazi kwa mitambo mitatu. Kiandikishi kikapewa Idara ya Vitambulisho, kipimamipaka Ofisi ya Ramani, kipokeakura Tume. Sheria ikaikataza mitambo hiyo kuzungumza yenyewe kwa yenyewe, isije ikala njama.

Tukafika kituo cha Bondeni, kipokeakura kikamkagua Bi Sikudhani jicho. "Nyumba yako iko kata ya Mlimani, mama. Mipaka si kazi yangu. Nenda Ramani."

"Ni kweli imevuka," kikasema kipimamipaka. "Lakini mpiga kura hufuata daftari, hafuati nyumba. Daftari si langu."

Kiandikishi kikafunua daftari. "Wewe ni wa Bondeni. Kapige kura Bondeni."

"Basi kiambie kituo."

"Siruhusiwi kusema nacho. Kiambie wewe."

"Kitaniamini?"

"Hakiruhusiwi kukuamini. Kinaamini ramani."

"Nyie watatu mmesusiana msiba wa nani?" akauliza. Kikasema misiba si kazi yake.

Tukazunguka tena. Mzunguko wa tatu akasimama katikati ya barabara. "Mzee Ngwali, kwani mimi naishi wapi?"

Hata mimi sikujua tena. Kuiba, hakuna aliyeiba. Ila kazi ya kumfikisha mtu kwenye kura haikupewa ofisi yoyote, ikamwangukia yeye na malapa yake. Tulipofika kituoni ilikuwa saa kumi kamili, na mlango ukajifunga mbele ya pua zetu.

Ibaki, kura 611. Ifungwe, 612.

Bi Sikudhani akaketi ngazini. "Mwanaidi ana mimba ya miezi minane," akasema, basi.

Nilipomaliza kuwasimulia wenzangu barazani, Mshamu, muuza kahawa wetu, akakung'uta makaa. "Mzee, wewe ni wa kata gani vile?"

"Bondeni."

"Na nyumba yako haikuhama."

"Haikuhama."

"Na mwavuli uliushika tangu saa moja mpaka saa kumi."

"Sikumwacha hata hatua."

"Sasa wewe ulipiga kura saa ngapi?"

Bi Chausiku, aliyeketi pembeni, akanyoosha vidole viwili. "Yake moja, yako moja. Wodi ingebaki, Mzee."

Wakanitazama wote. Majibu yalikuwa mawili tu, na lile la kuosha vikombe ndilo lilikuwa jepesi.

"Haya, nimetunga," nikasema. "Yote uongo."

Wakacheka, wakanisukumia karai. Nikakunja mikono ya kanzu. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha mumewe Mwanaidi. Nilikiosha mara mbili.