Kaya ya Khaemba

Nilifika ofisi ya mtaa jua likiwa limeshainama nyuma ya maghorofa ya Xiaobei. Bi Liang, karani wa majalada, alitazama saa, akatazama barua yangu ya chuo, kisha akautazama mhuri mwekundu. Mhuri ndio uliompendeza. Mimi nasomea utawala wa umma hapa Guangzhou, yaani namna ya kumwambia mtu arudi kesho bila kumkosea heshima. Thamani ya mhuri naijua.

"Haraka," alisema. "Mtaa ule unabomolewa. Karatasi zake zinahamishwa."

Nilikuwa namtafuta baba wa babu yangu. Khaemba, mtu wa Bungoma, alikuwa mtia makaa melini. Meli ilirudi Mombasa bila yeye. Baharia mwenzake alisema alimwacha huku, akilisha makaa boila ya kiwanda cha hariri katika mtaa ule. Basi. Hakuna kaburi, hakuna habari.

Na sasa nyumbani Japheth, kifungua mimba wa kaka yangu Cornel, alikuwa anakauka kitandani. Hospitali haikuona kitu. Wazee waliona: Khaemba hajazikwa. Kwetu aliyepotelea mbali huzikwa kwa mgomba. Shina hulazwa kaburini, huitwa kwa jina lake, huliliwa na watu, na roho yake hutulia. Ila ole wenu mkizika mgomba kwa jina la mtu aliye hai. Atakufa, na waliochimba watamfuata.

Kwa hesabu yangu Khaemba alishapita miaka mia. Lakini wazee wetu ni kama serikali, hawaamini hesabu, wanataka karatasi. Kaburi lilishachimbwa, shina lilishakatwa. Mama alikuwa anangoja nimpigie simu niseme: amekufa.

Bi Liang alitandaza daftari za sensa za mtaa ule, kuukuu kwanza. Safu zote zilikuwa za Kichina, isipokuwa nyumba moja. Pale majina yalikuwa kwa herufi zetu, mwandiko wa shule ya misheni.

Khaemba. Umri, thelathini na mmoja.

Sensa iliyofuata: Khaemba, thelathini na mmoja. Na ile nyingine. Na ile nyingine.

"Karani alinakili tu," nilisema. "Uvivu hauna taifa."

Bi Liang hakucheka. "Majina anaandika mwenye nyumba. Mara ya mwisho nilikwenda mimi. Mlango ulifunguka kidogo, mkono ukatoka, ukachukua kalamu."

"Mkono wa nani?"

"Mweusi," alisema polepole. "Si kama wako. Mweusi wa makaa."

Nikatazama wakazi wenzake. Katika kila sensa, kaya ilikuwa imeongezeka. Situma, mtoto. Kisha Barasa, mtoto. Kisha Khisa, mtoto.

Nilikaa chini.

Situma alikuwa kaka yake babu. Barasa, kaka yake baba. Khisa alikuwa kaka yetu mkubwa. Wote vifungua mimba. Wote walizikwa Bungoma kabla ya kuota meno ya pili.

Chini kabisa, katika sensa iliyofanyika kabla hajazaliwa, palikuwa na jina la tano.

Japheth.

Nililigusa. Kidole kikatoka na masizi.

Nyumba ilikuwa nyuma ya barabara ya Dengfeng, kwenye kichochoro kisichopitisha hata mkokoteni. Majirani walishahama. Ukutani paliandikwa kwa rangi nyekundu kwamba itabomolewa. Umeme ulishakatwa. Giza lilikuwa linaingia, na harufu ya makaa ya mawe ilinikaba koo, ingawa mtaa mzima ulipikia gesi.

Ndani, koleo lilikwaruza sakafu.

"Hodi..."

Koleo likanyamaza. Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Joto likanipiga usoni.

"Mtu wa wapi?" Sauti ilikuwa ya kunong'ona, Kiswahili cha bandarini, cha zamani.

"Wa kwa Khaemba. Mimi Nafula. Nimekufuata, kuka."

Kuka ni babu. Akacheka, cheko kavu. "Kuka! Mimi kijana."

Nyuma yake mtoto akakohoa. Kikohozi kifupi, mara mbili, kisha kilio chembamba... Nilikuwa nakisikia kila jioni kwenye simu.

"Mwachie Japheth, kuka. Ni mgonjwa."

"Niliita, hakuja mtu mzima hata mmoja. Watoto ndio wanaosikia. Huyu nimeshamwandikisha. Huku aliyeandikwa hatoki."

"Afutwe."

"Hafutwi. Jina ndilo linalokaa."

Nami, Mungu anisamehe, katika hofu yote ile nikasikia kifungu cha sheria, na ndani yake nikaona upenyo.

"Jina tu?" niliuliza.

Mkono ukatoka, ukashika kizingiti.

"Msinizike," alinong'ona. "Niko hai humu."

Nilikimbia hadi kwenye taa za Dengfeng, kati ya vibanda vya simu, nikampigia mama.

"Msimzike Khaemba! Mtoto mpeni jina jingine, sasa hivi. Kisha mgomba uzikeni kwa jina la Japheth."

"Nafula! Kumzika mjukuu wangu anapumua?"

"Hatakuwa Japheth tena, mama. Mwiteni hata Austin. Asibaki mtu duniani mwenye jina lile."

"Na tukikosea?"

"Unamsikia anavyokohoa?"

Alimsikia. Walizika. Cornel, mama aliniambia baadaye, alililia shina la mgomba kama mwehu.

Kesho yake mtoto aliomba uji. Wiki iliyofuata alikuwa anafukuza kuku. Nyumba ile ilibomolewa. Nilipita nikaona tingatinga limesimama juu ya kifusi. Nilijiona mwerevu. Niliwaza hata kuandika tasnifu.

Jana jioni mama alinipigia kunisalimia. Nilikuwa chumbani mwangu peke yangu, mlango nimeufunga kwa komeo. Kwenye simu nilimsikia mtoto akicheka uani kwao, na kuku wakipiga kelele.

"Anasumbua huyu," mama alisema, kisha akasahau jina jipya. Uzee. Akapaza sauti kuita uani: "Japheth! We Japheth!"

Mtoto uani hakuitika. Aliendelea kucheka.

Aliitika mwingine, mgongoni pangu, kando ya kitanda, kwa sauti ndogo yenye mavumbi:

"Nipo huku, nyanya."