Glasi ya Kuongeza Damu

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Navdeep alimmiminia mama yake glasi ya bia nyeusi. Nyumbani kwao mtaa wa Nechells, ughaibuni, haikuitwa pombe hata siku moja. Ilikuwa dawa ya kuongeza damu, basi. Mama yake, Jasbir, alikulia Kisumu, na huko shangazi zake walikunywa hivyo hivyo kila waliposhika mimba. Sasa mimba yake mwenyewe ilikuwa ya miezi mitano.

Jumatatu moja mwalimu wa sayansi aliwaeleza akina Navdeep darasani kwamba pombe anayokunywa mjamzito humfikia mtoto tumboni kupitia damu. Navdeep alishtuka. Jioni akamimina vilevile. Amfundishe mama yake mzazi? Angeanzia wapi?

Kesho yake, baada ya masomo, alimsindikiza mama kliniki. Mkunga, Bi Hamdi, Msomali aliyelelewa Nairobi, alifurahi kupata wa kuongea naye Kiswahili. Akampima presha, kisha akauliza, "Na pombe, dada, unatumia?"

"Pombe? Siijui kabisa," mama akajibu. Wala hakuwa akidanganya, ndivyo alivyoamini.

Bi Hamdi akaanza kuandika. Navdeep akaona akinyamaza sasa, basi tena. Akapiga moyo konde.

"Mama, nisamehe. Ile bia nyeusi ni pombe. Na mimi ndiye ninayekumiminia."

Mama aliona aibu mno. "Navdeep, ile ni dawa."

Bi Hamdi akaweka kalamu chini. Hakumgombeza mtu. "Wengi huambiwa hivyo, dada. Lakini haiongezi damu. Ukinywa wewe, mtoto naye anakunywa, na inaweza kumdhuru ubongo. Hakuna kiasi tunachoweza kusema ni salama. Acha leo, kuacha sasa kunamsaidia. Damu tutaipima, na ikiwa pungufu nitakupa vidonge."

"Miezi mitano nimekuwa nikimnywesha mwanangu?" mama akauliza.

"Hukujua. Sasa umejua, nasi tutamfuatilia kwa karibu." Akamgeukia Navdeep. "Kumheshimu mama si kumfichia jambo, binti yangu. Na wewe dada, mkunga mwambie kila unachokunywa, hata unachokiita dawa. Nisipojua, nitakusaidiaje?"

Mama akamshika Navdeep mkono. Kisha akatoa simu.

"Nampigia Kulwinder, mdogo wangu, kule Castle Vale," akasema. "Naye ana mimba, na glasi hiyo ni mimi niliyemfundisha."