Dada wa Kiangazi

Lori lilipofunga breki kwenye gulio la Kamuli, vumbi lilipanda hata wauzaji wa nyanya wakapotea machoni. Lilipotua, Renatha alikuwa amesimama kando ya sanduku lake, gauni la maua ya manjano limegeuka rangi ya udongo, viatu vyake vyeupe vya kisigino vimekuwa vyekundu. Alikuwa ametoka Tabora kwa gari moshi, akavuka ziwa kwa meli, akalala Bukoba, yote hayo ili aje kumtembelea shangazi yake Deodatha, aliyeolewa huku Karagwe. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, mwezi wa sita. Baba yake, mtu wa Muleba aliyekuwa karani wa reli huko Tabora, alikuwa amemwimbia tangu utotoni kwamba kwao ni nchi ya kijani, mvua haikatiki. Mvua gani? Vilima vilikuwa vimekauka, vingine vimechomwa moto vikabaki vyeusi, na moshi ulikuwa unawasha macho.

"Baba kanidanganya," alisema kwa sauti, akabeba sanduku akakatisha kuelekea upande wa pili.

"Wewe! Wewe mwenye viatu! Unakanyaga kahawa yangu!"

Renatha alitazama chini. Kweli, alikuwa amesimama katikati ya mikeka iliyojaa kahawa inayoanikwa, na nyuma yake alama za visigino zilikuwa zimejipanga.

"Samahani, nilidhani ni njia."

"Kwenu njia hutandikwa mikeka?"

"Na kwenu mikeka hutandikwa njiani?"

Kijana aliyemfokea alikuwa mrefu, amevaa kaptula ya kaki na shati lililopauka, miguu peku. Alijiandaa kukasirika zaidi, lakini hasira ilimponyoka, akacheka. Alipiga goti mbele yake. "Nyanyua mguu, bibie. Zimekwama kwenye kisigino, na mimi sizigawi bure." Renatha alinyanyua mguu, akayumba, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kushika alishika bega lake. Wauza nyanya walipiga vigelegele.

"Unaitwa nani," aliuliza yule kijana, "nijue wa kumshitaki?"

"Renatha. Na wewe, nijue wa kumkimbia?"

"Rwegasira. Lakini kwa viatu hivyo hutafika mbali."

Hivyo ndivyo walivyoanza, na nani angewalaumu? Kiangazi cha Karagwe ni kirefu na kazi ya kuanika kahawa humfanya mtu ashinde anaitazama barabara. Duka la mume wa shangazi lilikuwa papo hapo barabarani. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito na baridi ilimfanya Renatha avae sweta mbili juu ya kanga. Mchana jua lilichoma. Visima vya karibu vilikuwa vimekauka, maji yakafuatwa kwenye chemchemi bondeni, na Rwegasira alimfungia madebe kwenye baiskeli yake akayasukuma kupanda mlima mbele ya watu wote. Wanaume walimcheka. Mwanamume mzima, anateka maji!

"Wanakucheka," Renatha alimwambia.

"Wana kiu tu hao."

"Huoni aibu?"

"Mpenzi, ukinyamaza kidogo nitapata pumzi ya kupanda mlima. Aibu nitaiona nikifika juu."

Alikuwa amemwita mpenzi. Renatha alisikia vizuri sana, akajifanya kuhangaikia mfuniko wa debe. Jioni alimwambia shangazi yake kwamba yule kijana ana maneno mengi. Shangazi alijibu: wewe unayahesabu, na huo ndio ugonjwa wenyewe.

Siku moja mwezi wa saba walipumzika kando ya njia ya chemchemi, kwenye kivuli cha mibuni. Rwegasira alichuma tunda moja jekundu la kahawa, akalibonyeza, na punje mbili zikatoka zikiwa zimelaliana.

"Tazama. Nyumba moja, watu wawili. Wanageuziana uso mchana na usiku, hawachoki."

"Na wakigombana?"

"Waende wapi? Mlango haupo." Aliweka punje moja kwenye kiganja chake, akamnyooshea. "Kula yangu, nile yako."

Renatha aliila kutoka kiganjani mwake, ikamteleza ulimini, tamu kidogo. Naye akamlisha ya pili kwa kiganja chake mwenyewe. Hapo akapita Ta Melkiory, yaani Mzee Melkiory, baba mkubwa wa Rwegasira, ambaye ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufa. Alikuwa na kanzu na fimbo, anatoka kwenye misa. Renatha aliinuka haraka. "Shikamoo, Ta Melkiory."

"Marahaba," alijibu mzee, lakini macho yake yalikuwa kwenye viganja vyao. Akaenda zake bila neno la pili.

Kabla kiangazi hakijaisha mambo yalikuwa wazi. Rwegasira alimwambia kwamba washenga wangekuja kwa shangazi Jumapili, na shangazi angepeleka habari Tabora kwa baba. Shangazi Deodatha aliamka alfajiri. Ndizi zilimenywa, nyama ikachemshwa kwa samli, uani pakafagiwa hata kuku wakashangaa. Renatha alivaa gauni la kijani lililokaza kiuno na kilemba cha hariri. Walikaa. Jua likapanda, likashuka. Jirani wakapita mara mbili mbili wakiuliza hali. Ndizi zikapoa, zikawa ngumu, na hakuna mshenga aliyebisha hodi.

Jumatatu asubuhi Rwegasira alikuja peke yake. Hakuingia. Alisimama mlangoni akishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Habari za tangu juzi, dada yangu."

Renatha alidhani hakusikia vizuri. "Umeniitaje?"

"Dada. Renatha, tusamehe, hatukujua. Baba mkubwa ameniambia Jumamosi. Tulikula punje za tunda moja, kila mmoja kutoka kwenye kiganja cha mwenzake. Huo ni omukago. Undugu wa kuchanjiana. Ukishaula na mtu, yeye ni ndugu yako wa tumbo, huwezi kumwoa. Anayevunja omukago tumbo lake huvimba akafa."

"Tumbo lako limevimba?"

"Usicheze na jambo hili. Marehemu baba alikuwa na mtu wake wa omukago kule Kiruruma. Aliheshimu hadi kaburini."

"Kwa hiyo jana nimeshinda nimekaa kama mzigo uliosahauliwa stesheni, shangazi yangu amechekwa na kijiji kizima, kwa sababu ya punje ya kahawa?"

"Nilishindwa kuja. Nilikuwa nalia."

"Ulikuwa unalia! Mimi je, nilikuwa napiga ngoma? Ulishindwa kumtuma hata mtu?"

"Dada, nisikilize..."

"Ukiniita dada tena nitakurushia chungu hiki, na kina uji wa moto!"

Aliondoka kichwa chini. Na hapa lazima niseme: mimi nina huruma na vijana, lakini kijana anayeachishwa mchumba kwa neno moja, naye akalipokea kama anayepokea barua ya mwingine, akaja kulikabidhi mlangoni, huyo anastahili uji.

Renatha alilia mpaka mchana. Kisha akaacha, kwa sababu alikuwa ameanza kufikiri. "Shangazi," alisema, "huo omukago unafanywaje hasa?"

Shangazi Deodatha alikuwa akisugua masufuria kwa hasira. "Ni mambo ya wanaume, mwanangu. Mimi nilisikia tu. Lakini neno lenyewe ni kuchanjiana." Akasimama ghafla na sufuria mkononi. "Kuchanjiana," alirudia polepole. Wakatazamana.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wazee walikuwa wamekaa kwenye boma la Ta Melkiory na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, katikati, kila mmoja na mrija wake. Rwegasira alikuwepo, amekaa pembeni kama mgonjwa. Renatha aliingia na shangazi yake. Alipiga magoti kama alivyofundishwa, akawaamkia wote, shikamooni, wakaitikia. Kisha hakuinuka.

"Waitu, wazee wetu, mimi ni mgeni, nimekulia Tabora. Nimeambiwa nimepata kaka hapa na nataka kumheshimu. Naomba mnieleze omukago hufanywaje, nisije nikakosea."

Wazee walifurahi. Nani asiyependa kuulizwa anachokijua? Ta Protase, mkubwa kuliko wote, aliweka mrija chini. Alieleza jinsi watu wawili wanavyokaa kwenye mkeka mmoja na mashahidi wao, jinsi kila mmoja anavyochanjwa kwa wembe karibu na kitovu, jinsi punje mbili za tunda moja zinavyopakwa ile damu, kila mmoja akala ya mwenzake kiganjani, na maapizo yakasemwa.

"Damu lazima?" aliuliza Renatha.

"Binti, bila damu umekula kahawa tu."

"Basi niambieni, wazee wangu, nani aliyenichanja?" Sauti yake ilipanda na hakuizuia tena. "Mashahidi wako wapi? Maapizo yalisemwa na nani? Kitovu changu hakijaguswa na wembe tangu mkunga aliponikata! Shangazi yangu yuko hapa, mtu mwenye shaka amtume mkewe akanikague chumbani, sasa hivi, mimi siogopi!"

Ta Protase akaanza kucheka, taratibu, halafu kwa nguvu hata akapaliwa na rubisi, na mwenzake akampiga mgongoni. "Melkiory!" alisema alipopata pumzi. "Nilipochanjwa mimi, shahidi wangu ulikuwa wewe. Ulisahau wembe?"

Ta Melkiory alikuwa amekunja uso. "Sikusahau," alisema mwishowe. "Lakini huyu amekulia kwa ugali. Nimetazama mikono yake. Atamenya ndizi za nani? Mwanangu atakula nini? Kijana hasikii ukimkataza, akisikia omukago anasikia."

Alikuwa amesema ukweli, na pengine aliona amesema jambo la busara. Renatha alimtazama mzee huyo aliyetoka misani akavaa mila ya mababu kama koti la kuazima, akalivua aliposhikwa. Damu ilimchemka. Lakini alimgeukia Rwegasira, kwa sababu hasira yake kubwa haikuwa ya mzee.

Rwegasira alikuwa amesimama, uso umefunguka, anatabasamu. "Renatha! Mpenzi wangu, umesikia? Hakuna omukago! Tuko huru!"

"Wewe uko huru," alisema Renatha. "Mimi sikuwahi kufungwa. Wewe umezaliwa hapa, Rwegasira. Baba yako alichanjwa. Ulijua kuna wembe au hukujua?"

Tabasamu lilimkauka.

"Ulijua," alisema Renatha, akainuka, akafuta vumbi magotini, akatoka.

Mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kupanda upande wa ziwa, na barabara ya huku mvua ikiishika hakuna lori linalopita. Renatha alifunga sanduku lake. Keshokutwa yake lori la kahawa lilisimama mbele ya duka, magunia yamepangwa hadi juu. Shangazi Deodatha, aliyekuwa anamsindikiza hadi Bukoba, alipewa nafasi mbele karibu na dereva. Renatha alipanda juu ya magunia pamoja na abiria wengine, kilemba amekikaza, macho yake makavu na mekundu. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote.

Dereva alipowasha injini, Rwegasira alitokea akikimbia. Nyuma yake, mbali kidogo, alikuja Ta Melkiory na fimbo yake.

"Dereva, ngoja! Renatha! Nilijua kuna wembe!" Alikuwa anahema. "Nilijua! Sikuogopa omukago, nilimwogopa baba mkubwa. Nilisubiri mtu mwingine amwambie hapana. Ukaja wewe ukamwambia, na mimi nimekaa."

"Unaniambia mimi ninachokijua."

"Nikuambie nini?"

"Mimi usiniambie kitu. Mwambie baba yangu."

"Nitakwenda Tabora. Mvua zikiisha..."

"Lori linaondoka sasa."

Rwegasira alitazama miguu yake peku, akatazama kaptula yake. Ta Melkiory alikuwa amefika. "Rwegasira," alisema, bila kuinua sauti, "rudi nyumbani."

"Hapana, baba mkubwa," alisema Rwegasira. "Hapana." Akashika ubao wa lori, akajivuta, akaanguka juu ya magunia karibu na mwanamke mmoja mwenye kuku. Lori likaondoka. Mzee alipiga hatua chache kulifuata, kisha akasimama.

"Sijakusamehe," Renatha alisema, akitazama mbele.

"Najua."

"Kaa kule kwenye lile gunia la mwisho. Usiniguse."

Rwegasira alikaa kule. Lori lilipanda kilima likiunguruma, abiria wote masikio yamewasimama. Hata kuku alitulia.

"Baba ni mtu wa maswali," alisema Renatha baada ya muda. "Atakuuliza kwa nini unanitaka. Jibu kuanzia sasa, nione kama utamridhisha."

Rwegasira alisafisha koo. Injini ilikuwa na kelele, ikambidi apaze sauti, akasema mbele ya abiria wote kwamba anampenda, kwamba ndizi atamenya mwenyewe kama ikibidi, na kwamba hatamwacha mtu mwingine asimame mahali pake tena.

"Sijasikia," alisema Renatha, ingawa alikuwa amesikia, na lori zima lilikuwa limesikia. "Rudia."