Sahihi Juu ya Mstari Mwekundu

Asubuhi ya Jumatatu ile haikuwa na neno. Dada yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, alifika chuoni saa moja na dakika kumi, mkoba begani, karatasi za mtihani kwapani, viatu vya njiani miguuni na vya kufundishia ndani ya mfuko. Naeleza kama alivyonisimulia mwenyewe. Pale nisipojua nitanyamaza, maana si vizuri mja kutia chumvi katika habari yenye marehemu ndani yake.

Alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha ualimu. Wanachuo walimwita Mama Rula, kwa kuwa hakupiga mstari kwa mkono mtupu hata siku moja. "Yule hata hasira zake zimenyooka," walisema. Mwaka huo walimu wawili walikuwa wamestaafu, na hakuna aliyeletwa mahali pao. Vipindi vyao vikagawiwa waliobaki, kama mzigo wa punda aliyekufa njiani. Dada alikuwa na vipindi thelathini kwa wiki, darasa moja watu mia na ishirini, na bado ripoti.

Meza yake ilibanana na ya mwalimu wa historia, mtu mpole wa maneno na wa hatua, ndiyo maana wakamwita Taratibu. Miaka tisa walikaa hivyo. Dada alimwita kaka, naye Taratibu akamwita dada. Taratibu alinuka dawa ya kuchua, kwa sababu shingo ilimkaza kila siku ikifika saa nne, naye akajipaka pale pale mezani huku akisahihisha.

Mapokezi palikuwa na daftari la mahudhurio. Unaandika jina, saa ya kuingia na sahihi; jioni unaandika saa ya kutoka. Ikifika saa moja na nusu, karani anachukua kalamu na kupiga mstari mwekundu. Ukisaini chini ya mstari, umechelewa. Ukichelewa mara tatu, barua ya kujieleza. Taratibu alikuwa na barua mbili tayari. Ya tatu ilikuwa ya kumfikisha kwenye kamati ya nidhamu. Basi walimu walisainiana. Kila mmoja aliijua sahihi ya jirani yake kama anavyoijua sala ya asubuhi, na hakuna aliyeiita dhambi. Waliiita kusitiriana.

Ijumaa Taratibu alikuwa amemwambia, "Dada, Jumatatu nikichelewa niweke. Nina uchovu ambao mimi nikilala, wenyewe ndio unaamka."

"Nenda kapumzike, kaka. Nitakuweka."

Akamweka. Saa moja na robo. Sahihi ya Taratibu ilikuwa na mkia mrefu uliopinda mwishoni kama ndoana, na mkono wa dada ulikwisha kuuzoea. Saa nne mkuu wa chuo alichungulia ofisini.

"Taratibu yuko wapi?"

"Yupo, Mkuu. Katoka kidogo."

Saa saba simu ikapigwa. Jirani alikuwa amegonga mlango wa Taratibu kuomba ngazi, akamkuta kalalia meza, shavu juu ya karatasi za wanachuo, kalamu nyekundu ingali mkononi. Mke wake alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza mama yake. Daktari alisema amefariki alfajiri, kabla jua halijachomoza.

Karani akasema polepole, "Lakini alisaini."

Wakaenda kutazama. Alisaini kweli. Juu ya mstari mwekundu.

Dada alifungua mdomo. Akaufunga.

*

Mtu asiyesema kweli siku ya kwanza, siku ya pili inakuwa nzito mara mbili. Baada ya maziko, maneno yalianza kutembea chuoni. Wapishi walisema Taratibu kafanywa msukule: kazikwa mgomba, mwenyewe kafichwa anafanyishwa kazi. Walimu walicheka, lakini walicheka kwa sauti ya chini. Mmoja alisema, "Huyo mchawi angechagua mwingine. Taratibu alikwisha kutumika, hakubaki kitu cha kutumikisha." Dada hakucheka.

Mjane alikuja wiki ya pili. Aliketi kwenye kiti cha mumewe, kwa upole, kama anayeogopa kukivunja.

"Nataka kujua jambo moja tu, wifi," alimwambia dada. "Alipojisikia vibaya hapa, nani alikuwa naye? Nani alimwacha aende nyumbani peke yake?"

"Daktari si alisema alfajiri?"

"Daktari anaweza kukosea. Sahihi ya mume wangu naijua mimi." Akapapasa ukingo wa meza. "Silali, wifi. Kila nikifumba macho namwona barabarani, anatafuta mtu wa kumshika mkono."

Dada alimshika mkono. Hakumwambia. Alihesabu miaka ya kazi iliyobaki, akahesabu ada za watoto, akasema moyoni, kesho.

Siku hizo ndipo alipokuja kwangu, akaketi hata chai hakuimaliza, akasema, "Mdogo wangu, nimechoka." Nami nikamjibu kuwa kuna watu wanaitafuta kazi hiyo kwa tochi. Mwenyezi Mungu anisamehe jibu hilo. Nililitoa huku natazama simu.

*

Karatasi za Taratibu, mia na arobaini, zilikabidhiwa kwa dada. Mtu wa hesabu akasahihishe historia. Walisema mwongozo wa majibu upo. Alizifunga kwa uzi, akaziacha mezani, akaenda kipindini. Aliporudi saa sita uzi ulikuwa umefunguliwa. Karatasi ishirini za juu zilikuwa zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Chini ya kila moja, kwa mwandiko ulioinamia kulia, neno moja: *Jitahidi.*

Aliuliza. Hakuna aliyezigusa.

Kiti cha Taratibu kilikuwa kimevutwa nje. Aliweka kiganja juu ya mto wake. Ulikuwa na joto.

Alhamisi aliingia kushika kipindi cha historia kwa wanachuo wa mwaka wa kwanza, walioripoti baada ya msiba. Alipoandika mada ubaoni, kiranja akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Hiyo tumeshafundishwa."

"Na nani?"

Wakatazamana. "Yule mwalimu asiyesema. Anaandika tu, halafu anaondoka."

"Yukoje?"

"Anatembea taratibu," kiranja alisema. Kisha, kwa aibu, "Ananuka dawa, mwalimu."

Aligeuza ubao wa pili, ule wa nyuma. Ulikuwa umejaa. Mistari ilianza imenyooka, ikaenda ikishuka, ikishuka, kama maandishi ya mtu anayesinzia. Neno la mwisho lilikatika katikati. Kipande cha chaki kilikuwa sakafuni chini yake.

Hakukiokota.

*

Ijumaa saa tisa mchana walimu wote waliitwa kikaoni. Ajenda ilikuwa ustawi wa watumishi. Ilipangwa saa ambayo watumishi wangekuwa wanakwenda kupumzika. Dada alichelewa kidogo, akapitia ofisini kuchukua kalamu. Jua lilikuwa kali dirishani. Feni ilikuwa inazunguka.

Harufu ya dawa ya kuchua ilimpokea mlangoni.

Alikuwa amekaa. Kampa mgongo. Shati la buluu, lile la kazini. Shingo imeinama. Mkono wa kulia unakwenda. Kalamu inakwaruza. Karatasi inageuzwa. Kalamu inakwaruza.

Midomo ya dada ilitafuta dua, ikapata nusu.

"Dada." Sauti ilikuwa ya chini, kavu kama ya mtu aliyefundisha vipindi vinane. "Nimechoka."

"Pumzika, kaka," alinong'ona. "Pumzika kwa amani."

"Nitapumzikaje?" Kalamu haikusimama. "Nimeingia. Sijatoka."

Karatasi ikageuzwa.

"Nani aliniweka, dada?"

Alirudi nyumanyuma hadi ukutani, akakimbia kuelekea mapokezi. Karani alikuwa kikaoni. Akafunua daftari, akarudi kurasa mpaka Jumatatu ile. Jina la Taratibu. Kuingia, saa moja na robo. Kutoka, pamebaki wazi. Akaweka kidole juu ya sahihi aliyoiandika kwa mkono wake wiki nne nyuma.

Kidole kikatoka na wino. Ulikuwa mbichi.

Akaishika kalamu amwandikie saa ya kutoka. Kalamu ilikwaruza, haikutoa kitu. Akajaribu nyingine. Haikutoa kitu. Ndipo akaelewa, anasema, kwamba uongo hautolewi kwa uongo mwingine.

*

Hakurudi kikaoni. Alimsubiri mkuu wa chuo mlangoni pake, na walipokuwa wawili akamwambia yote: alimsainia maiti.

Mkuu aliketi. Alikuwa mtu mzima mwenye macho mekundu, na juu ya meza yake palikuwa na vidonge vya presha karibu na muhuri.

"Taarifa imeshakwenda wizarani," alisema. "Inasema alifika kazini. Unajua ukisema hivi tunaondoka wangapi?"

"Hajatoka, Mkuu."

"Nani?"

"Taratibu. Hajatoka."

Mkuu hakuuliza maana yake. Alitazama mlango, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe na wewe unamsikia akipita." Akaunyoosha mkono wake kuelekea mapokezi, kama anayesema, nenda.

Dada alikwenda kwanza kwa mjane. Alipiga magoti kwenye sakafu ya sebule, kitu ambacho hakukifanya kwa mtu tangu utotoni, akasema, "Wifi, sahihi ile ni yangu. Hakuja kazini. Nilimwandika mimi, akiwa amekwisha kufa."

Alingoja kofi. Mjane aliweka mikono mapajani.

"Kwa hiyo hakuwa barabarani," alisema.

"Hakutoka nyumbani kwake."

"Hakumtafuta mtu."

"Hapana, wifi."

Mjane akavuta pumzi ndefu, akalia kilio ambacho dada anasema kilifanana na usingizi. Kisha akafuta uso. "Ungeniambia mapema, wifi. Mwezi mzima." Hakusema zaidi, na hilo lilimchoma dada kuliko kofi.

Jumatatu, mbele ya karani na walimu wote, dada alichukua rula yake. Akalikata jina la Taratibu kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika pembeni: *Hakufika. Alikuwa amefariki. Nilimsainia mimi.* Akatia sahihi yake mwenyewe. Safari hii kalamu iliandika. Wino wa zamani ukakauka machoni pake, ukawa wa kahawia kama wa miaka kumi.

Kiti hakikuvutwa tena. Harufu iliisha. Zile karatasi zilizobaki zilibaki bila kusahihishwa, na kwa mara ya kwanza dada alifurahi kuziona tupu.

*

Kamati ya nidhamu ilimpa onyo kali. Daktari alimpa wiki tatu za mapumziko, akaandika kwamba mwili wa mwalimu huyu umefanya kazi kupita kiasi na akili yake inadai usingizi. Nikamchukua akae kwangu. Nilitaka kulipa lile jibu langu la tochi. Nikamtandikia chumba cha uani, nikamzimia simu, nikawakataza watoto kelele. Alilala siku mbili. Wakati mwingine nilichungulia nikaona vidole vyake vinakwenda juu ya shuka, kana kwamba anasahihisha. Nikasema ni mazoea, yataisha.

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, karani alinipigia mimi.

"Samahani, kaka. Mama Rula yuko chuoni?"

"Yuko hapa. Amelala."

Nilisikia kurasa zikifunuliwa.

"Mbona amesaini?"

Nilikwenda kumwamsha, nikajuta kumwamsha. Alisikiliza hadi mwisho, bila kushtuka, kama mtu anayesomewa ratiba. "Muulize sahihi ikoje," alisema.

Nikauliza. Karani akajibu kwa kunong'ona. Jina ni la Mama Rula. Saa moja na robo, juu ya mstari mwekundu. Ila sahihi ina mkia mrefu, umepinda mwishoni kama ndoana.

Dada akarudisha kichwa kwenye mto.

"Ananilipa fadhila," alisema. "Anadhani nimechelewa."

Tangu siku hiyo analala, lakini anaamka amechoka kuliko alivyolala. Tumeomba, na tunaomba. Wiki iliyopita nilikwenda chuoni mwenyewe, nikaomba nilione daftari. Karani alinifunulia, akasogea mbali. Jina la dada yangu lilikuwa pale kwa siku kumi na moja mfululizo, kila siku juu ya mstari, na kila siku nafasi ya kutoka ilikuwa wazi. Niligusa sahihi ya kwanza kwa kidole. Nilitaka tu kuhakikisha ni ya zamani.

Nimenawa kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa ndimu; wino hautoki. Ndicho kidole ninachoshikia kalamu, na kila ninapoinua mkono kutoka kwenye ukurasa huu, kimeacha alama.