Jiwe la Tabaka na Mifupa ya Mokeira

Zamani Mokeira alikuwa mchumaji hodari wa chai katika mlima wa Manga. Kabla ukungu haujaondoka, kikapu chake kimeshajaa. Lakini mwaka wa 1974 alikuwa akichuma kidogo, anasimama, anashika kiuno.

Vidonda vya tumbo vilikuwa vimemtesa miaka mingi, mpaka madaktari wakakata sehemu ya tumbo lake. Vidonda vikapona, tunamshukuru Mungu. Kisha mifupa ikaanza kuuma. Daktari akamwambia, "Tumbo lako sasa ni dogo. Haliwezi tena kupata madini ya mifupa ya kutosha kwenye chakula. Lazima utumie dawa ya kalsiamu."

Akapewa vidonge vyeupe, vikubwa. Vidonge hivyo! Mokeira alivichukia kwa moyo wake wote. Alivimeza kwa mpigo mmoja alfajiri, tumbo tupu, pamoja na kile chekundu cha kuongeza damu, ili awahi shambani. Tumbo likajaa gesi. Choo kikawa kigumu. Mara nyingine alitapika katikati ya michai, huku akiangalia kama kuna mtu anamwona.

Mama mkwe wake, Nyangate, alizaliwa Tabaka, kule wanakochonga sahani kwa mawe laini. Siku moja alionja kidonge kwa ncha ya ulimi.

"Yaye! Hili si jiwe tu?" akasema. "Kwetu wanawake wajawazito hulamba jiwe, na hakuna anayetapika. Chukua langu, mwanangu."

Basi vidonge vikafichwa nyuma ya chungu. Mokeira akawa anakwangua jiwe na kulamba unga wake. Tumbo likatulia. Alifurahi sana, maskini, kumbe mifupa inalala njaa.

Wakati huo binti yake wa pekee, Nyamusi, alikuwa na mimba changa. Mokeira alitamani sana kumbeba mjukuu wake mgongoni. Lakini siku moja, akiteremka na kikapu cha chai, magoti yalimkatalia. Akaketi njiani akalia.

"Baba Nyamusi," alimwambia mumewe, Ratemo, "kikapu kimenishinda. Mtoto nitambebaje?"

"Twende zahanati," akasema Ratemo. "Leo hii."

Katika zahanati ya Sironga walimkuta Sista Benter, muuguzi aliyetoka upande wa ziwa.

"Mama, dawa unameza?" akauliza.

"Ndiyo, Sista."

"Kweli?"

Mokeira akatazama sakafu. Halafu akafungua fundo la leso, akatoa jiwe. Ratemo akabaki mdomo wazi.

Sista Benter hakugomba. Aliligeuza jiwe mkononi. "Mama, hili ni la kuchonga sahani. Halilishi mifupa. Linaweza hata kukudhuru. Vidonge vilikufanya nini?"

Mokeira akaeleza yote, mpaka kutapika kwenye michai. Ah, ule mzigo ulivyomtoka kifuani!

"Mbona hukurudi kutuambia?"

"Niliona haya. Nilidhani nitaambiwa ninadharau dawa."

"Dawa ikikusumbua, usiiache kimyakimya. Njoo useme. Ziko za namna nyingi."

Sista alikwenda kuzungumza na daktari, akarudi na vidonge vingine. Akakitia kimoja katika maji ya vuguvugu, akakoroga. Kikayeyuka. Mokeira akanywa akisubiri kichefuchefu. Hakikuja.

"Vile vya kwanza vinataka tumbo lenye maji makali ya kuyeyusha chakula," Sista akaeleza. "Lako limepunguzwa. Hivi ni vyepesi kwako. Usinywe vyote pamoja. Kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni, pamoja na chakula. Kile chekundu cha damu kipe saa zake, maana hivi viwili havipatani."

"Na chakula, Sista?"

"Kula ugali wa wimbi, maziwa ya mgando, na omena, wale dagaa wa ziwani, pamoja na mifupa yao. Vitakusaidia, lakini dawa usiache. Na urudi daktari akupime."

Nyumbani, Nyangate akasimuliwa yote. "Kumbe nilikuwa nakuharibu, mwanangu," akasema. Tangu siku hiyo, yeye ndiye aliyekoroga dawa, na ole wake Mokeira akichelewa kula!

Mifupa haikupona mara moja. Chai ilichumwa, ikachipua, ikachumwa tena. Polepole maumivu yakapungua. Daktari akampima, akatabasamu.

Nyamusi alijifungua mtoto wa kike. Siku alipokuja na mtoto, Mokeira aliinama polepole, mtoto akawekwa mgongoni, leso ikafungwa. Nyamusi alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, tayari kudaka.

"Mama, utaweza?"

Mokeira akasimama wima. Machozi yalikuwa yakimtoka, huku akicheka.

"Niletee na kikapu," akasema.